Ginipigi wangu siku ya pili hapigi mluzi na hali vizuri. Ni joto, ni meno, au kuna jingine?

#1 BintiTudor, Jumanne saa 3:40 usiku
Masalkheri nyote. Nina ginipigi wawili, wote majike, Halua na Kashata. Halua ana miaka mitatu na kidogo. Wanakaa sebuleni kwangu Tudor, Mombasa, ghorofa ya juu kabisa.

Kawaida nikifungua friji tu, kabla sijatoa hata mfuko wa sukuma, Halua hupiga mluzi unaosikika mpaka kwenye ngazi. Tangu jana kimya. Nafungua friji, Kashata anapiga kelele peke yake, mwenzake amejikunyata pembeni, manyoya yametimka kama kifaranga aliyenyeshewa. Nikimsogezea jani analinusa, analitia mdomoni, analitafuna kidogo kisha linadondoka. Choo chake kilikuwa vidonge vinene kama kunde. Leo nimeokota vidogo, vikavu, vimechongoka kama mchele. Kidevu kimelowa. Na kuna kitu nimekiona kwa wiki kadhaa sasa: mbavuni manyoya yamepungua, pande zote mbili, mpaka ngozi inaonekana.

Chakula chao ni peleti za sungura, matango, letasi, sukuma mara mojamoja, na nyasi mbichi ninazoletewa na kijana mmoja kutoka Mikindani. Hajikuni. Hapigi chafya. Nisubiri kidogo au nikimbie kwa daktari?

#2 KijanaWaMikindani, saa 3:52 usiku
Pole dada. Labda amekununia tu. Matango kila siku, hata mimi ningegoma.

(Na kijana wa nyasi si mimi, kabla hamjaniuliza.)

#3 Mama_Bamburi, saa 4:05 usiku
@BintiTudor usisubiri. Paka akikaa siku bila kula unaweza kumtazama. Huyu hapana. Tumbo lake limeumbwa kupitisha majani mchana na usiku, likisimama linaanza kujaa gesi. Mimi kwangu sheria ni moja: saa 12 bila kula, natafuta daktari.

Je, humpimi uzito? Chukua mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, mweke ndani ya bakuli, andika. Jike mzima huwa kati ya gramu 700 na 900 hivi, dume huzidi. Ila namba yenyewe si kitu, kitu ni tofauti yake na ya wiki iliyopita. Manyoya yanadanganya. Mnyama anaweza kuonekana duara kumbe ndani ni mifupa.

#4 MzeeWaKuze, saa 4:20 usiku
Mwanangu BintiTudor, hilo ni joto. Huu ni mwezi wa Februari, kaskazi imeshika, mchana ni nyuzi 32 na 33 na unyevu juu yake. Mnyama huyu asili yake milima ya Andes huko Peru na Bolivia, kwenye baridi. Anapendelea nyuzi 18 mpaka 24. Zikipita 27 hivi aanza kuteseka, na wewe umemuweka ghorofa ya juu chini ya zege linalopikwa tangu asubuhi. Sisi Mji wa Kale tuna kuta nene za mawe na hata hivyo mwezi huu twalala juu ya sakafu.

Mnyama yuwatafuna kidogo kwa sababu hawezi, mwili wataka kupumzika. Mtandikie kigae cha sakafuni alalie. Chupa ya maji yaliyoganda, ifunge kwa leso, iweke pembeni ya kizimba. Feni isimpige usoni.

#5 BintiTudor, saa 4:31 usiku
Shukran Mama. Shikamoo mzee. Saa ya ukutani ina kipimajoto, alasiri ilisoma 33. Lakini Kashata yuko kizimba hichohicho, anakula na kuruka. Mbona yeye hana kitu?

#6 MzeeWaKuze, saa 4:38 usiku
Marahaba. Jua humpiga mmoja likamwacha mwenzake. Mkubwa na mnene ndiye huanza.

#7 LikoniNyumbani, saa 4:55 usiku
Naomba niseme kuhusu joto, kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Mwaka jana mwezi wa tatu nilikuwa narudi nyumbani na madume wawili ndani ya katoni, kwenye gari, tumekaa foleni ya feri. Saa nane mchana. Madirisha nilifungua, nikaona inatosha.

Dalili haikuwa kujikunyata. Ilikuwa kinyume chake. Mmoja wao alijinyoosha kama kitambaa kilichotupwa, ubavu chini, mdomo wazi, mbavu zinapanda na kushuka kwa kasi, udende umelowesha kifua, masikio ya moto ukiyagusa. Nilimmwagia maji ya baridi kutoka kwenye chupa iliyokuwa na barafu. Baadaye niliambiwa hilo nalo ni kosa, ilitakiwa kitambaa chenye maji ya kawaida, masikioni na miguuni, taratibu. Hatukufika upande wa pili naye.

Kwa hiyo mzee wangu #4, kwa heshima, huyu wa Tudor aliyejikunyata na manyoya kutimka simwoni kama wa joto. Aliyejikunyata anaumwa mahali.

#8 Nyali_K, saa 5:02 usiku
Mnamzungusha bure dada wa watu. Nenda duka la dawa asubuhi ununue amoksilini ya maji ya watoto, mpe nusu kijiko. Paka wangu alipona hivyo.

#9 MhudumuMifugo, saa 5:06 usiku
#8 HAPANA. BintiTudor, usimpe hiyo dawa, tafadhali soma hili kabla ya kulala.

Nimesomea afya ya mifugo na nafanya kazi hiyo. Amoksilini, ampisilini na jamii nzima ya penisilini ukimnywesha ginipigi zinaua bakteria wema wa tumboni mwake. Wakishakufa hao, wabaya wa jamii ya klostridia wanachukua nafasi na kumwaga sumu. Mnyama anaharisha, anakufa ndani ya siku chache, na mwenyewe anaamini aliuawa na ugonjwa. Paka ni mla nyama, tumbo lake ni jingine kabisa. Zipo dawa za bakteria ambazo ginipigi huzistahimili, lakini za kuandikiwa na daktari kwa kipimo cha uzito, si kijiko.

Sasa fanya haya usiku huu. Mgeuze taratibu utazame. Pua na macho: kuna makamasi au tongo? Weka sikio karibu na mgongo: pumzi ina mlio wa kukwaruza? Hicho kingekuwa kichomi, nacho kinaenda haraka. Gonga tumbo kwa kidole kidogo: likilia kama ngoma ni gesi, usimlazimishe chakula, ni dharura. Likiwa laini, saga peleti, loweka kwa maji ya vuguvugu mpaka uji, mnyweshe kwa bomba la sindano lisilo na ncha, kupitia pembeni ya mdomo, kidogokidogo, kila baada ya saa mbili tatu. Ukimsukumia kwa nguvu utampeleka uji mapafuni.

#10 Nyali_K, saa 5:15 usiku
Sikujua. Nisamehe dada. Msimamizi aifute #8.

#11 MhudumuMifugo, saa 5:17 usiku
Ibaki, na jibu lake likae chini yake. Wako wengi watakaokuja hapa na wazo hilohilo.

#12 SimbilisiNjombe, Jumatano saa 12:25 asubuhi
Habari za asubuhi jamani, mimi nipo Njombe, Tanzania. Kwetu tunawaita simbilisi, tunawafuga wengi, nimekua nao jikoni kwa bibi wakizunguka karibu na mafiga. Kwa hiyo nasema kwa kuwaona, si kwa kusoma.

Dada, rudi kwenye maneno yako mwenyewe: anachukua jani, analitafuna, linadondoka, kidevu kimelowa. Huyo ana njaa. Asiyetaka kula hachukui jani. Huyo ana MENO. Simbilisi ana meno 20 na yote huota maisha yake yote, siyo ya mbele tu. Asipopata nyasi ngumu za kusaga kutwa, magego ya chini yanaota kuelekea ndani mpaka yanakutana juu ya ulimi kama daraja. Ulimi unafungwa chini, hawezi kumeza hata mate, ndiyo huo udende. Ukimfunua mdomo unaona meno mazuri ya mbele unasema yuko salama, kumbe shida iko nyuma.

Peleti, matango, letasi: vyote laini. Nyasi kavu ziko wapi hapo? Hizo ndizo zingekuwa sehemu kubwa kabisa ya chakula chake.

#13 KijanaWaMikindani, saa 1:10 asubuhi
Wa jikoni kwa bibi... bibi alikuwa anawafuga wacheze nao au?

#14 SimbilisiNjombe, saa 1:14 asubuhi
Kitoweo, mdogo wangu. Sitaficha. Hata huko Peru wanaliwa mpaka leo, kwao walianza kufugwa kwa nyama maelfu ya miaka kabla Mzungu hajawafanya wa kubebwa. Lakini mfugaji wa kitoweo naye anajua mnyama mgonjwa, tena mapema, maana anapoteza chakula.

#15 BintiTudor, saa 1:30 asubuhi
Naomba mada ya kitoweo iishie hapo, Halua yuko mapajani kwangu nikisoma.

Tumbo ni laini. Pua kavu, macho safi, pumzi sijasikia mlio. Nimemlisha uji mara tatu usiku, anameza taratibu sana, nusu unarudi kidevuni. Uzito ni gramu 838. Mara ya mwisho nilimpima mwanzoni mwa Januari kwa sababu ya kuhama nyumba, alikuwa 940.

#16 Mama_Bamburi, saa 1:41 asubuhi
102 zimekwenda. Kwa mtu wa kilo 70 ni kama kupoteza zaidi ya kilo saba. Zikipungua 50 huwa namtazama kwa makini, zikifika 100 siulizi mtu. Daktari leo.

#17 Nyali_K, saa 2:05 asubuhi
Swali la pembeni, kwani ni simbilisi au ni pimbi? Kuna mtu aliniambia ginipigi kwa Kiswahili ni pimbi.

#18 MzeeWaKuze, saa 2:30 asubuhi
Pimbi kwetu ni yule wa kwenye mawe na magofu, asiye na mkia, wengine humwita pelele. Huyo si jamaa ya panya hata kidogo, wataalamu wamsogeza karibu na ndovu. Ginipigi ni wa jamii ya panya, hana undugu na nguruwe wala na Guinea. Jina hili «pigi» lilitutia matatani nyumbani. Mjukuu wangu alipomleta, mke wangu alisema nguruwe haingii humu, awe mdogo kiasi gani. Nikaeleza, hakunisikiza. Wiki ile nikakutana na neno simbilisi kwenye kamusi. Nikamwambia, huyu aitwa simbilisi. Akasema basi huyo ni sawa. Sasa ndiye amkatiaye karoti.

#19 KijanaWaMikindani, saa 2:34 asubuhi
Babu umemaliza. Kuanzia leo simbilisi.

#20 MzeeWaKuze, saa 2:58 asubuhi
Nirudi kwa mgonjwa. Nimelala nikiliwaza na nataka kujisahihisha nusu. Joto lipo, silifuti. Lakini chakula alichotaja, letasi na matango, ni maji matupu. Na mnyama huyu ni kama sisi binadamu, mwili wake haujui kujitengenezea vitamini C. Akikosa apata kiseyeye.

Kiseyeye ndicho kilichowaua mabaharia wa Kireno. Vasco da Gama alipotia nanga hapa Mombasa Aprili 1498 watu wake walikuwa hoi, fizi zimevimba. Katika kumbukumbu za safari ile imeandikwa kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa, na wagonjwa wakapata nafuu hapa hapa. Wao wakasifu hewa ya mji. Mimi nasifu machungwa.

Basi mtazame magoti na vifundo. Je, vimevimba? Akiguswa miguu alia? Atembea kwa kuchechemea au ajivuta?

#21 MhudumuMifugo, saa 3:20 asubuhi
Mzee #20 umegusa penyewe, na kuna mduara mzuri hapo. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich huko Norway walikuwa wakilisha ginipigi nafaka tupu wakitafuta ugonjwa mwingine, wanyama wakapata kiseyeye. Ndivyo ilivyojulikana kwamba kiseyeye kinaweza kuchunguzwa kwa mnyama. Panya wa kawaida asingewaonyesha, yeye hujitengenezea.

Sungura naye hujitengenezea, ndiyo maana peleti za sungura haziongezwi vitamini C. BintiTudor, hilo ni pengo kwenye chakula chako hata kama ugonjwa wa sasa ni mwingine. Anahitaji miligramu 10 mpaka 30 kwa siku kwa kila kilo ya uzito, ya juu kwa mgonjwa na mwenye mimba. Akikosa kabisa, dalili huanza ndani ya wiki mbili tatu. Robo ya kidonge cha miligramu 100, isage, itie kwenye ule uji.

#22 Nyali_K, saa 3:31 asubuhi
Si rahisi zaidi kutia kwenye chupa ya maji?

#23 MhudumuMifugo, saa 3:36 asubuhi
Rahisi ndiyo, haifiki. Kwenye maji, mwanga na joto la hapa, inaharibika upesi. Na maji yakibadilika ladha anaweza kuacha kunywa. Bora pilipili hoho kipande, sukuma, kipande kidogo cha pera.

#24 KijanaWaMikindani, saa 3:40 asubuhi
Mabuyu je? Si wanasema ubuyu una vitamini C kushinda chungwa?

#25 Mama_Bamburi, saa 3:44 asubuhi
Unga wa ubuyu wenyewe ndiyo. Mabuyu yako ya mfuko ni sukari, rangi na pilipili. Ukimpa mnyama huyo ndimi mbili zitakuwa nyekundu, yako na yake.

#26 MfugajiKilifi, saa 5:15 asubuhi
Nimechelewa uzi. Mmezungumza meno na vitamini, hamjagusa manyoya ya mbavuni. Dada amesema hajikuni. Angekuwa na utitiri asingelala: hujikuna mpaka damu, ngozi ya mabega inakuwa na magamba, na wengine hupata degedege kwa kuwashwa. Choa nacho huanzia usoni, puani na machoni, na humwambukiza mtu.

Nauliza habari ya zile nyasi za kuletewa. Zimo matawi yenye vijani vidogovidogo kama vya mkwaju, na maganda bapa ya kahawia? Hiyo ni lusina. Mbuzi anakula, ananenepa. Lakini ina sumu inayoitwa mimosini, na kwa mnyama asiyecheua inang'oa manyoya. Nilipoteza manyoya ya sungura kumi na wawili kabla sijaelewa, walikuwa kama wamenyolewa. Nilipoacha kuwapa yakarudi.

#27 BintiTudor, saa 5:40 asubuhi
Nimekimbilia mfuko wa nyasi. IMO. Si nyingi, matawi matano sita katikati ya nyasi, lakini imo. Na nikikumbuka, Halua ndiye huchagua hivyo vijani vidogo, Kashata hupenda nyasi zenyewe.

#28 KijanaWaMikindani, saa 5:44 asubuhi
Naapa si mimi.

#29 Mama_Bamburi, saa 6:10 mchana
@MfugajiKilifi sikukatalii, lakini jike wa miaka mitatu, manyoya yametoka pande mbili sawasawa, ngozi safi, hajikuni: hiyo mimi nimeiona na haikuwa lusina. Wangu aliitwa Zabibu. Ilianza hivyohivyo, mbavuni, kulia na kushoto kama kioo. Watu wakaniambia ni mwenzake anamtafuna manyoya. Nikawatenga, ikaendelea. Chuchu zikawa na magamba, akawa mkali, akipanda wenzake kama dume. Daktari alipopapasa akakuta uvimbe wa maji kwenye ovari, mmoja mkubwa kama yai la kware. Ni ugonjwa wa kawaida sana kwa majike wakubwa. Uvimbe ukikua unabana tumbo, mnyama hana nafasi ya chakula, anaacha kula.

Ukienda mwambie apapase nyuma ya mbavu, kwa upole.

#30 SimbilisiNjombe, saa 6:32 mchana
Dada Mama_Bamburi, uvimbe hauloweshi kidevu. Narudia: jani linaingia linadondoka.

#31 Mama_Bamburi, saa 6:35 mchana
Na meno hayang'oi manyoya ya mbavuni. Yawezekana ana mawili.

#32 MfugajiKilifi, saa 6:41 mchana
Au matatu.

#33 Nyali_K, saa 7:15 mchana
Huku mkisubiri, naomba mnisaidie maana mmenitia hofu na mimi nina mmoja wa binti yangu. Mkojo wake ukikauka unaacha unga mweupe. Asubuhi jichoni hutoka kitu cheupe kama maziwa. Halafu nimemwona ANAKULA choo chake. Na jana aliruka juu kama amepigwa na umeme, mara tatu, akajipinda hewani.

#34 MhudumuMifugo, saa 7:30 mchana
Tulia, yote manne ni afya. Unga mweupe ni chokaa anayoitoa, ukiwa laini si neno. Ukiwa kama mchanga, au kuna damu, au analia akikojoa, hapo fikiria mawe ya kibofu. Kitu cheupe jichoni hujioshea uso, hudumu nukta chache. Tongo lililoganda ndilo baya. Choo laini anachokila moja kwa moja kutoka nyuma ni sehemu ya mmeng'enyo wake, anapata humo vitamini za kundi B. Na kule kuruka ni furaha. Degedege mnyama huanguka ubavu na haamki mara moja kukimbilia chakula.

#35 Nyali_K, saa 7:33 mchana
Furaha! Na mimi nilimfunika na taulo.

#36 LikoniNyumbani, saa 7:50 mchana
Mfunulie.

#37 BintiTudor, Jumatano saa 2:10 usiku
Nimerudi. Nilimbeba kwenye kikapu cha ukili, taulo lenye maji chini, nikaondoka jua lilipoanza kupoa. Daktari wa kwanza alinitazama akaniambia hana habari na mnyama huyu, yeye ni wa ng'ombe na mbuzi. Nilimshukuru kwa kusema kweli. Wa pili alimpokea.

Alimpima mdomo kwa taa ndogo. Meno ya mbele ni sawa. Magego hakuyaona vizuri, mashavu ya ndani yanajaa njia, akasema kuyaona kwa hakika ni mpaka alazwe kwa dawa ya usingizi, na mnyama aliyepungua hivi hataki kumlaza leo. Alipitisha kidole nje ya taya, upande wa kushoto Halua akavuta kichwa. Halafu akapapasa tumbo, akasimama kulia, akarudia, akasema anahisi kitu cha duara ila hawezi kuapa si choo kilichokaa. Vifundo vya miguu ya nyuma anaona vimejaa kidogo. Mimi sikuona tofauti.

Kwa hiyo meno hakukanusha, uvimbe hakukanusha, vitamini hakukanusha. Nilimwonyesha tawi la lusina, akasema litupe. Amempa sindano ya maumivu na ya kusukuma tumbo, uji kila saa tatu, vitamini C miligramu 25 kwa siku, nyasi kavu mbele yake muda wote, nirudi Jumatatu akiwa na nguvu alazwe mdomo utazamwe.

#38 SimbilisiNjombe, saa 2:18 usiku
Kuvuta kichwa upande wa kushoto. Nimeridhika.

#39 Mama_Bamburi, saa 2:20 usiku
Kitu cha duara kulia. Nami nimeridhika. 😊 Pole sana mwanangu, umefanya vyema.

#40 MzeeWaKuze, saa 2:45 usiku
Na vifundo vimejaa. Sisemi neno.

Ila mhamishe kutoka chini ya hilo zege. Hilo halihitaji daktari.

#41 BintiTudor, saa 2:52 usiku
Nimewashusha kwa jirani ghorofa ya kwanza, mzee, chumba cha nyuma, kina kivuli cha mwembe. Kipimajoto kinasema 28.

Nyasi kavu nitapata wapi? Za duka la wanyama ni mfuko mdogo, bei ni ya marashi.

#42 MfugajiKilifi, saa 3:05 usiku
Usinunue za mfuko. Tafuta wanaouza marobota ya Boma Rhodes, nyasi kavu za ng'ombe wa maziwa. Fungua katikati unuse: ziwe na harufu ya chai, rangi iwe na kijani. Zikinuka uvundo au zikitoa vumbi jeupe ukizipiga ni kuvu, ziache, zitamuua mapafu. Robota moja wawili hao hawamalizi miezi. Lihifadhi juu ya mbao, si sakafuni, huku kwetu unyevu unapanda.

#43 KijanaWaMikindani, Ijumaa saa 1:20 asubuhi
Dada, habari ya Halua? Nimeamka nikiwaza huyu mnyama nisiyemjua.

#44 BintiTudor, Ijumaa saa 1:55 asubuhi
Shukran kuuliza. Jana 841, leo 846. Choo kimeongezeka, bado chembamba. Usiku saa nane niliamka kumlisha nikasikia kitu kinavunjika, nikawasha taa ya simu. Alikuwa amekamata ujiti mmoja wa nyasi kavu, anautafuna upande wa kulia tu, kichwa amekilaza kidogo, taratibu, unapungua sentimita kwa sentimita mpaka ukaisha. Sikusogea. Ulichukua dakika nne hivi. Kidevu bado kinalowa. Mluzi bado.

#45 SimbilisiNjombe, saa 2:03 asubuhi
Upande wa kulia tu, dada. Mwambie daktari hilo Jumatatu, kabla ya jingine lolote.

#46 MhudumuMifugo, saa 2:20 asubuhi
Ndiyo, andika na saa. Usipunguze uji kwa sababu umemwona anatafuna.

#47 LikoniNyumbani, saa 11:30 jioni
Nimetoka Marikiti sasa hivi, nimenunua mizani. Yule dume aliyebaki, sikuwahi kumpima tangu siku ile ya feri. 1,020. Nimeandika kwa penseli nyuma ya mlango wa jikoni, na tarehe. Ijumaa ijayo tena.